Malkia wa Njahi

Overport, Durban
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Mama yangu Mildred,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye joto la kunata, mahali nguo inalowa jasho kabla hujafunga vifungo. Ni tumaini langu kwamba barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na yule ng'ombe wa madoa amezaa bila shida. Njoroge ananiambia umeanza tena kupanda ngazi kuchuma avokado mwenyewe. Mama, acha hizo. Mimi ni mzima wa afya, tena mzima kuliko unavyodhani, na hilo nitalieleza likifika zamu yake.

Nakuandikia kwa mkono na kwa Kiswahili. Kikuyu changu cha kuandika kinanitia aibu, na Kiingereza nimegombana nacho mwezi mzima hadi nimekichoka. Simu sikutaka, kwa sababu kwenye simu nikifika pabaya unasema mtandao unasumbua, unakata. Barua hukati. Anakuletea Kagendo, mwanafunzi wangu anayerudi nyumbani kwa likizo, yule yule aliyeniletea mfuko wako wa njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, mwaka huu. Ndani ya bahasha kuna picha. Usiitazame kwanza. Soma.

Ulinikataza. Nilipokupigia na kukuambia nimeiona ile picha ya Hathercliffe, kijiji tulichoishi kule Uingereza, uliniambia niachane nayo, kwamba mambo yale yalipita, kwamba wale watu walitupa kazi na mahali pa kulala, na haifai kuwaaibisha uzeeni. Nikajibu sawa, Mama. Nilijibu sawa huku moyoni nimeshaamua. Sasa tulia nikueleze nilichokifanya, na ukitaka kukasirika, ukasirike ukiwa umejua yote.

Hapa Westville kuna kikundi cha wazee waliozaliwa Uingereza, hukutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwenye ukumbi wa kanisa. Wanakunywa chai, wanakula keki, na kila mmoja anasimulia mji au kijiji alichotoka: duka la makaa lilikuwa wapi, mwalimu gani alikuwa na fimbo, treni ya mwisho ilipita lini. Wanataka kutoa kitabu cha kumbukumbu hizo, chenye picha. Billy, mwenzangu wa kazini, mama mkwe wake ni mmoja wao, na siku moja alipojua nimekulia huko utotoni akanivuta twende.

Nisiwasingizie, niliwapenda. Mzee mmoja wa Wales, Bwana Pritchard, alilia akieleza harufu ya mkate wa mtaani kwao, na mimi nikajikuta namwelewa kabisa. Nilikumbuka chumba chetu juu ya bucha, ule ubaridi wa ngazi, viatu vyako vyeupe vya unesi vikikauka karibu na hita, na theluji ya kwanza niliyokula kwa kijiko ukanichapa. Kumbe na mimi nina kijiji Uingereza, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari zake. Nikasema nitakuwa nakuja.

Kisha nikageuka kuchukua chai, nikaiona ukutani.

Ile mbao yako, Mama. Mbao ya kisima, ile uliyoipamba kwa punje juu ya udongo. Picha imekuzwa hadi kufika urefu wa mlango, rangi zote zipo. Chini yake wamebandika maandishi yaliyochapwa vizuri: Malkia mwenye taji, kisima cha chini, Hathercliffe, 1991, kazi ya Dorothy Ashworth. Eish. Nilisimama pale na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Malkia gani? Taji gani? Yule ni Cucu, mama yako mzazi, anatoka mtoni na mtungi wa maji mgongoni. Hilo wanaloita taji la dhahabu ni mukwa, kamba ya ngozi inayopita kwenye paji la uso, na nyuma yake si kiti cha enzi, ni mtungi. Mimi mwenyewe niliupanga ule mukwa kwa punje za mahindi, wewe ukiwa na Njoroge mgongoni unaniambia nisizibonyeze sana zisizame kwenye udongo.

Aliyebandika ni Belinda, mwenyekiti wa kikundi. Ni binti wa yule Bi Ashworth wa kamati ya maua. Aliolewa na mtu wa Durban, akahamia huku miaka ile ile tuliyorudi Kenya. Nilimwendea kwa heshima zote, Mama, usifikiri nilianza na matusi. Nikamwambia ile kazi ni ya mama yangu, nesi Mildred, na pale hakuna malkia. Akanishika mkono kwa upole, ule upole unaoujua wewe jinsi ulivyo, akaniambia nilikuwa mtoto mdogo sana na kumbukumbu za utotoni huchanganyika. Mama yake ndiye aliyemwambia kwa mdomo wake. Hata ule weusi wa uso alijua umetengenezwa na nini: mbegu za kahawa zilizokaangwa.

Mbegu za kahawa! Mama, nilitaka kucheka na kulia papo hapo. Mbegu ya kahawa ina mfereji katikati. Njahi ina ule ukope mweupe pembeni, na kwenye picha iliyokuzwa namna ile kope zote zinaonekana, uso mzima wa Cucu umejaa vijicho vyeupe.

Baadaye Belinda akanitumia ujumbe. Alisema yuko tayari kuongeza maneno kwamba nesi mmoja Mwafrika alisaidia. Mimi nami akaniomba nisimulie kwenye kikao kijacho, lakini mambo ya furaha, theluji na keki na shule, kwa kuwa watu wanakuja pale kupumzisha roho. Kitabu kilikuwa karibu kwenda kwa mchapaji. Nilimjibu kwamba nitasimulia.

Nilikwenda saluni kwa Marie kusukwa, Marie Mkongo wa hapa Overport niliyekutajia, nikamwambia yote kichwa kikiwa mikononi mwake. Nilikuwa nimeanza kulegea, nikimwambia pengine uko sahihi, pengine niyaache. Akasimamisha kuchana, akanitazama kwenye kioo na kusema, "Weye Abby, ukinyamaza, ile picha itakuwa ya ule mama mpaka Yesu anarudi. Iko ya mama yako. Enda uichukue." Kisha akaendelea kusuka, ananivuta nywele kana kwamba mimi ndiye Bi Ashworth.

Basi Jumamosi ya wiki iliyopita nikaenda. Nilibeba vitu vitatu: mfuko wako wa njahi, mtungi wa plastiki wa lita ishirini, na mukwa aliokata Pascal kutoka kwenye mkanda wa begi kuukuu. Mtungi ulikuwa mtupu, Pascal alikataa katakata nisitie hata tone, na sababu utaijua mbele. Ndiyo, ni Pascal yule yule usiyetaka nimtaje. Alikuja nami, akasimama nyuma ukumbini, na dakika mbili hazijaisha mama mmoja akamwomba apange viti. Akapanga.

Ilipofika zamu yangu nilisimama mbele yao nikawaeleza kijiji cha Hathercliffe kama ninavyokijua mimi. Niliwaeleza desturi ya kupamba kisima, ingawa wengine wa miji ya mbali hawakuwahi kuiona: kila kiangazi mbao kubwa zinajazwa udongo mbichi wa mfinyanzi, na watu wanabandika petali, mbegu na majani mpaka itoke picha, kisha mbao inasimamishwa kisimani kushukuru kwa maji. Niliwaeleza kwamba kila nyumba huleta maua ya bustani yake. Nikawaeleza kwamba mwaka ule, nesi aliyezalisha nusu ya watoto wa kijiji hicho alikwenda kwenye kamati kuomba kushiriki, akiwa na kichanga chake mgongoni, na Bi Ashworth akamjibu kwa adabu nzuri kwamba anayeshiriki ni mwenye bustani, na yeye hana bustani.

Najua hukutaka niseme hilo. Nililisema.

Nikawaambia ulirudi nyumbani, chumba kile juu ya bucha, ukafungua kabati. Cucu alikuwa amekutumia njahi, zimesafiri kwenye sanduku la nesi mwenzako kutoka Nairobi, kwa sababu kwetu mwanamke aliyejifungua hupikiwa njahi arudishe damu na maziwa yaje. Baba alikuwa ameshaenda zake London kwa yule mwingine, kwa hiyo hapakuwa na wa kukupikia, na hukuwa umezigusa. Ulikwenda kwa mchungaji ukaomba ile mbao ndogo ya watoto iliyokuwa imekosa mtu. Ukazimwaga zote. Chakula chako cha uzazi, ukakibandika kwenye udongo wao punje kwa punje, ukamtengeneza mama yako aliyebeba maji maisha yake yote, ukampeleka kwenye kisima cha watu waliosema huna cha kuleta.

Nilipofika hapo nilitoa mfuko nikapita viti vyote, kila mtu nikampa punje yake ya njahi aishike, nikawaomba waende ukutani wailinganishe na picha. Mama, ungewaona, wazee wa watu wamevaa miwani juu ya miwani, wananong'ona, wanagusa uso wa Cucu kwa vidole. Walipokuwa wamesimama pale, nikainama, nikauweka mtungi mgongoni, mukwa nikaupitisha kwenye paji la uso, nikatembea kutoka mlangoni hadi kwenye picha nikasimama kando yake.  

Belinda alikuwa amekaa wima, mashavu mekundu. Alisema ni bahati tu ya kufanana, mwanamke mwenye taji ni mwanamke mwenye taji. Ndipo Bwana Pritchard, bila ubaya wowote, akamuuliza kitu ambacho mimi sikuwa nimefikiria kukiuliza. Alitaka kujua ni kwa nini mama yake alimtengeneza malkia mweusi.

Belinda akasema, "Mama yangu hangeweza kamwe kumtengeneza malkia mweusi."

 Neno lilikuwa limeshatoka, na halikurudi. Nilimwona akilisikia mwenyewe, na kusema kweli nilimhurumia kidogo, maana sidhani alimdanganya mtu kwa makusudi. Alirithi uongo pamoja na vyombo vya chai. Lakini huruma yangu haikunifanya nirudi nyuma. Alinikaribia akaniambia kwa sauti ya chini kwamba watayaondoa yale maandishi, picha ibaki bila jina, na suala la kitabu watalitafakari. Nikamjibu kwamba bila jina ilishakaa miaka ya kutosha. Nikabandua maandishi yake kwa kucha, nikaomba kalamu ya wino mzito, nikaandika ukutani pale pale, kwenye ukuta wa kanisa, Mungu anisamehe: Mwanamke anatoka mtoni. Kazi ya Mildred Wangeci, nesi, Hathercliffe. Kwa njahi.

Sasa unaweza kutazama picha. Ni Bwana Pritchard aliyeipiga. Ameniandikia leo asubuhi kwamba kamati imekaa na kitabu kitatoka na maneno hayo hayo, na Belinda hakupiga kura upande wowote. Ukisema nimeudhi watu, ni kweli. Sitaomba radhi.

Kuna jambo moja liliniganda njiani tukirudi. Tulikuwa tumesimama kwenye robot ya kuingilia Overport, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, Pascal ameshika usukani wa gari la Marie. Nikamuuliza anawaza nini. Akaniambia ni yale maneno ya bustani. Alisema aliyafahamu mara moja, kwa sababu na yeye aliwahi kuulizwa. Kisha taa ikawaka kijani akaenda, hakulitaja tena.

Mama, nani alimuuliza? Unakumbuka vizuri. Ni wewe. Ile Krismasi niliyokuja nyumbani, nilipokupa simu umsalimie, hukumuuliza jina la wazazi wake wala hali yake. Ulimuuliza kama kwao ana shamba. Alipokujibu kwamba kwao ni Uvira, Kongo, na shamba lilibaki kwa waliowafukuza, ukanirudishia simu, ukaniambia kwa Kikuyu, ukidhani haelewi sauti, kwamba daktari mzima wa chuo kikuu hawezi kuolewa na fundi wa simu asiye na karatasi wala udongo. Hujamsalimia tena hadi leo. Nikimtaja, mtandao unasumbua.

Nimekaa na hili wiki nzima, na nimelitafutia maneno laini nikakosa. Ulipoambiwa huna bustani, uliumia hadi ukakitoa chakula cha uzazi wako. Pascal umemwambia hana shamba. Tofauti iko wapi? Bi Ashworth naye alikuwa na adabu nzuri. Nimesimama mbele ya ukumbi wa wazungu kukutetea, na siwezi kurudi nyumbani nikanyamaza mbele yako. Ningekuwa mnafiki, na hukunilea niwe hivyo.

Kwa hiyo nakwambia wazi. Nina mimba ya miezi mitano, na baba yake ni Pascal. Ndiyo maana kwenye video siku hizi naiweka simu karibu na uso, na ndiyo maana mtungi ulikuwa mtupu. Nina miaka arobaini, daktari wa hospitali anasema mtoto anaendelea vizuri, na mimi nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo. Hatukungoja baraka kwa kuwa zilikuwa hazipatikani. Tumehamia pamoja hapa Overport, nyumba ina vyumba viwili na roshani, na kwenye roshani Pascal amepanda sukuma wiki na lenga-lenga, mchicha wa kwao, kwenye ndoo za rangi. Hilo ndilo shamba letu. Ukiulizwa sokoni Karatina, wajibu hivyo.

Sikuombi ruhusa, Mama. Mtoto atazaliwa ukikubali au ukikataa, na atamwita Pascal baba mchana kweupe. Ninachokuomba ni kingine. Njahi zimekwisha, zote zimebaki mifukoni mwa wazee wa Westville, na baada ya kujifungua mimi nitahitaji kupikiwa. Zilete mwenyewe. Usimpe Kagendo, usimpe mtu yeyote. Nauli nitatuma, Njoroge atakutafutia pasipoti mpya. Uwanja wa ndege atakupokea Pascal, kwa sababu mimi nitakuwa mzito. Utamsalimia yeye kwanza, kwa jina, ndipo mimi. Ukiona huwezi, usije, nitakula maharagwe ya dukani na maziwa yatatoka vilevile. Lakini ukija, mimi nitakaa kitandani na wewe utapika, na safari hii hakuna punje hata moja itakayokwenda kwenye mbao ya mtu. Nitakula nusu, na nusu utakula wewe. Hukula zako, Mama. Njoroge alipozaliwa hukula zako. Nimelijua hilo tangu nina miaka sita.

Na hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo lililonitoa machozi. Unajua kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Nilimweleza Pascal, nikadhani atafurahi, maana mama yake alifia njiani wakikimbia na hana hata kaburi la kuliwekea ua.  Yeye akasema akiwa msichana, aitwe Mildred. Nikamwambia hapana, nilikuwa bado na hasira na wewe. Akasema, "Mama yangu atangoja wa pili. Huyu mama yako amengoja jina lake ukutani muda mrefu."

Msalimie Njoroge na mkewe, na wale wa kwa Shangazi, na mchungaji. Mwambie kila atakayeuliza habari zangu, usimfiche mtu. Marie anakusalimu, anasema ukija atakusuka bure. Pascal anakusalimu pia, kama anavyokusalimu kila Jumapili, na mimi sikuwa nikikufikishia.

Sasa nimefikisha.

Ni mimi binti yako,
Abigael Nyawira